Mijongeo ya Mwili kama Nyenzo ya Kufundishia Silabi na Namba katika Darasa la Elimu ya Awali Nchini Tanzania

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mijongeo ya mwili inavyoweza kutumika kufundishia silabi za Kiswahili na dhana za mwanzo za namba katika darasa la elimu ya awali nchini Tanzania. Hoja yake kuu ni kwamba mjongeo humsaidia mtoto kujifunza dhana pale unapobeba muundo wa dhana hiyo. Mjongeo usiohusiana na somo huweza kumchangamsha mtoto, lakini haumfundishi kilichokusudiwa. Makala inatofautisha aina tatu za mijongeo ya darasani, inapitia ushahidi wa tafiti zilizofanyika nje ya Afrika, kisha inaonesha kwa mifano jinsi muundo wa silabi na wa majina ya namba katika Kiswahili unavyompa mwalimu fursa ambayo haihitaji vifaa vya gharama. Mwisho, inajadili masharti ya kutumia mbinu hii katika darasa lenye watoto wengi pamoja na mipaka yake.

Maneno Muhimu: elimu ya awali, mijongeo, silabi, stadi za KKK, mstari wa namba, ujifunzaji kwa vitendo

1.0 Utangulizi

Mtoto wa miaka mitano anapoanza shule, jambo la kwanza analofundishwa kwa kawaida ni kukaa. Hukalishwa kwenye mkeka au dawati, hufunga mikono na kunyamaza, na utulivu huo huchukuliwa kuwa dalili ya nidhamu na, mara nyingi, ya kujifunza. Kabla ya siku hiyo, karibu kila anachokijua amekijua kwa mwili wake: umbali kwa kuutembea, uzito kwa kuubeba, zamu kwa kucheza na wenzake. Shule humtaka aanze kujifunza kwa njia asiyoizoea, na humtaka afanye hivyo kwa haraka.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Kufutwa kwa ada na michango ya lazima kuanzia mwaka 2016 kuliongeza uandikishaji, na katika shule nyingi za serikali uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 25 uliowekwa kwa ngazi hii umezidiwa kwa kiasi kikubwa. Katika mazingira hayo, kumkalisha mtoto kunaonekana kuwa njia pekee ya kuliendesha darasa. Mwalimu mwenye watoto themanini ana sababu ya kuogopa wakisimama wote kwa wakati mmoja.

Kwa upande mwingine, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza kuwa mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate angalau dakika 180 za shughuli za mwili kwa siku, na asizuiwe kujongea kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Mwongozo wa mwaka 2020 unapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kiwango cha kati hadi kikali kwa walio na miaka mitano na kuendelea. Hata hivyo, hoja ya afya peke yake haitoshi kumshawishi mwalimu anayepimwa kwa idadi ya watoto wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu. Swali linalomhusu ni hili: je, mjongeo unaweza kufundisha? Makala hii inajibu kuwa unaweza, kwa masharti maalumu.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Wazo la kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda si geni. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwafanya watoto wapitishe vidole juu ya herufi za karatasi ya msasa kabla ya kuziandika. Jean Piaget aliona chimbuko la fikra katika matendo ya mtoto mchanga juu ya vitu vinavyomzunguka. Jerome Bruner, katika kazi yake ya mwaka 1966, alieleza njia tatu ambazo kwazo binadamu huhifadhi maarifa: kwa kitendo, kwa taswira na kwa ishara. Kwake, njia hizi hazifutani. Mtu mzima anayejifunza jambo jipya huweza kuanza nalo kwa kitendo.

Mgawanyo wa Bruner ndio unaofaa zaidi kwa mada hii kwa sababu unaeleza kosa linalojitokeza mara kwa mara katika ufundishaji wa watoto wadogo. Herufi na tarakimu ni ishara. Mtoto anayeoneshwa tarakimu 7 ubaoni na kuambiwa aitamke amepewa ishara ya kitu ambacho huenda bado hana kitendo wala taswira yake. Anaweza kuitamka vizuri, hata kuiandika, bila kujua kuwa saba ni zaidi ya tano. Kazi ya mjongeo ni kuijenga hatua ya kwanza ili ishara iwe na kitu cha kusimamia. Kwa mantiki hiyo hiyo, mjongeo una mwisho wake: lazima umpeleke mtoto kwenye taswira, kisha kwenye ishara.

3.0 Aina Tatu za Mijongeo ya Darasani

Mijadala kuhusu mijongeo na ujifunzaji huchanganyikiwa kwa sababu neno moja hutumika kwa mambo matatu tofauti.

Aina ya kwanza ni mjongeo wa kupumzisha. Watoto wamechoka, mwalimu anawasimamisha, wanaimba na kujinyoosha, kisha wanarudi kwenye kazi. Manufaa yake ni kurejesha umakini. Aina ya pili ni mjongeo wa kuambatana, yaani watoto wanaruka huku wakitaja herufi, lakini kuruka hakuna uhusiano wowote na herufi zinazotajwa. Aina ya tatu ni mjongeo unaobeba dhana: idadi, mwelekeo, ukubwa au mpangilio wa mijongeo unalingana na idadi, mwelekeo, ukubwa au mpangilio ulio katika dhana yenyewe. Mtoto anayepiga hatua tatu kwa neno lenye silabi tatu yuko katika aina hii.

Tofauti kati ya aina ya pili na ya tatu ina ushahidi. Mavilidi na wenzake (2015) walilinganisha watoto wa umri wa shule ya awali waliojifunza maneno ya Kiitaliano, lugha ngeni kwao, kwa njia nne: kwa mazoezi ya mwili yaliyoigiza maana ya neno, kwa mazoezi yasiyohusiana na maana, kwa ishara za mikono wakiwa wamekaa, na kwa njia ya kawaida ya kukaa na kurudia. Kundi la kwanza ndilo lililokumbuka maneno zaidi. Matokeo haya yana uzito kwa Tanzania, ambako mtoto anayekulia katika familia inayozungumza Kisukuma, Kimaasai au Kiiraqw anaweza kukutana na Kiswahili sanifu darasani kama lugha ya pili.

Kwa watoto wakubwa kidogo, Mullender-Wijnsma na wenzake (2016) walifuatilia nchini Uholanzi wanafunzi 499 wenye wastani wa umri wa miaka minane, kwa miaka miwili. Waliofundishwa hisabati na lugha kwa masomo yenye mijongeo walipiga hatua zaidi katika hisabati na tahajia kuliko wenzao. Katika kusoma, hata hivyo, tofauti haikuonekana. Aidha, mapitio ya Norris na wenzake (2020) yalibainisha kuwa masomo ya aina hii yana athari kubwa katika umakini wa wanafunzi wakati wa kipindi, lakini athari ndogo katika matokeo ya jumla ya kielimu. Hivyo basi, ushahidi unaunga mkono mbinu hii bila kuifanya kuwa dawa ya kila tatizo.

Ni muhimu pia kuitenga mbinu hii na programu za kibiashara kama Brain Gym, zinazodai kuwa mijongeo fulani, kama vile kuvusha mkono upande wa pili wa mwili, huunganisha pande mbili za ubongo na hivyo kuinua uwezo wa kusoma. Mapitio ya Hyatt (2007) hayakupata ushahidi wa kisayansi unaotosha kuunga mkono madai hayo. Katika makala hii, mjongeo haudaiwi kubadili ubongo kwa njia ya siri. Unadaiwa kumwonesha mtoto, kwa njia anayoielewa, kitu ambacho sauti na ishara peke yake havimwoneshi.

4.0 Mijongeo na Silabi za Kiswahili

Kiswahili kinaifaa mbinu hii kwa namna ya pekee. Silabi zake nyingi ni wazi, yaani huishia na irabu, na mpaka kati ya silabi moja na nyingine husikika vizuri. Neno *kitabu* lina hatua tatu, *mwalimu* hatua tatu, *ndizi* hatua mbili. Utaratibu wa msingi ni mwepesi. Mwalimu hutamka neno kwa kasi ya kawaida, watoto hulirudia, hunyamaza kidogo ili wafikiri, kisha hupiga hatua moja kwa kila silabi huku wakiitamka. Mwishoni husimama palepale walipofika.

Faida ya kwanza inaonekana katika kosa ambalo watoto wa umri huu hulifanya mara nyingi: kuchanganya neno na kitu kinachotajwa. Mtoto akiulizwa lipi kati ya *tembo* na *sisimizi* ni neno refu, huweza kujibu kuwa ni *tembo*, kwa kuwa tembo ni mkubwa. Maelezo ya mdomo humsaidia kidogo. Akitembea, *te-mbo* humfikisha hatua mbili na *si-si-mi-zi* humfikisha hatua nne. Umbali uko chini ya miguu yake. Kwa mara ya kwanza neno linakuwa kitu chenye urefu wake, kilichotengana na mnyama anayetajwa. Utambuzi huo ndio msingi wa kusoma, kwa sababu maandishi hurekodi sauti za neno, wala si ukubwa wa kitu.

Faida ya pili inahusu nazali. Katika Kiswahili, mkazo wa neno kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo, katika maneno kama *mbwa*, *mbu*, *nchi* na *nne*, nazali ya mwanzo hubeba mkazo na kuwa silabi kamili: *m-bwa*, *m-bu*, *n-chi*, *n-ne*. Katika *mbuzi* na *ndizi*, nazali imeungana na konsonanti inayofuata: *mbu-zi*, *ndi-zi*. Nazali inayotokana na kiambishi *mu-*, kama katika *mti* na *mtoto*, nayo ni silabi: *m-ti*, *m-to-to*. Mtoto anayekijua Kiswahili huzitamka tofauti hizi bila kufundishwa, lakini huwa hajui kuwa anazitamka. Anapogundua kuwa *mbu* na *mbuzi* yote yana hatua mbili, ingawa moja limo ndani ya jingine kimaandishi, amegundua jambo la kifonolojia ambalo ubao usingemwonesha. Mwalimu naye anapata maelezo ya kosa la kawaida la kuandika *muti* badala ya *mti*: mtoto amesikia silabi mbili na amezoea kuwa kila silabi ina irabu. Hakuwa mzembe, alisikia sawasawa.

Uteuzi wa maneno, kwa hiyo, si jambo la kubahatisha. Inafaa kuanza na maneno ya silabi wazi pekee, kama *baba*, *kalamu* na *kiboko*. Kisha yenye nazali iliyoungana. Kisha yenye nazali inayosimama peke yake. Maneno ya mkopo yenye konsonanti zinazofuatana, kama *labda* na *daftari*, yaachwe kwa ngazi ya juu. Hali kadhalika, neno kama *mbaya* lahitaji tahadhari, kwani hugawanyika *m-ba-ya* katika *mtu mbaya* lakini *mba-ya* katika *nyumba mbaya*.

Baada ya hatua za miguu, mtoto hupanga vizibo vya chupa, kizibo kimoja kwa kila silabi. Baadaye vizibo hubadilishwa kwa kadi za silabi. Mfuatano huu ndio ule wa Bruner: kitendo, taswira, ishara. Darasa linaloishia kwenye kuruka limefanya theluthi moja ya kazi.

5.0 Mijongeo na Dhana za Namba

Mstari wa namba uliochorwa ardhini kwa kijiti, chokaa au majivu, kuanzia 0 hadi 10, ni zana isiyo na gharama. Fischer na wenzake (2011) walilinganisha nchini Ujerumani watoto wa chekechea waliojibu maswali ya ukubwa wa namba kwa kukanyaga mkeka wa kielektroniki na waliofanya kazi ya aina hiyo kwa kompyuta wakiwa wamekaa. Mafunzo ya mwili mzima yalileta maendeleo zaidi katika kukadiria nafasi ya namba kwenye mstari. Washiriki walikuwa wachache, hivyo matokeo hayo yachukuliwe kwa tahadhari. Lakini mkeka wenyewe haukufanya chochote ambacho mstari wa majivu hauwezi kukifanya.

Umuhimu wa mstari huo unajitokeza pale mtoto anapokosea. Aliyesimama kwenye 3 na kuambiwa aongeze 2 mara nyingi huhesabu mahali aliposimama kuwa "moja", akaishia kwenye 4. Katika daftari, jibu 4 ni kosa lisilojieleza. Ardhini, chanzo chake kinaonekana: mtoto amehesabu mahali badala ya miruko. Mwalimu anaweza kusahihisha dhana papo hapo kwa kumtaka aseme "moja" baada ya mguu kutua mahali papya.

Majina ya namba katika Kiswahili yanaongeza fursa. Kuanzia 11 hadi 19, jina la namba hutaja kumi waziwazi: *kumi na moja*, *kumi na mbili*, *kumi na tatu*. Kiingereza, kwa kulinganisha, kina majina ya 11 na 12 ambayo hayaoneshi kumi kwa msikilizaji. Mtoto wa Kitanzania anaweza kuitembea *kumi na tatu* kama inavyotamkwa: mruko mmoja mkubwa hadi kwenye alama ya kumi, kisha hatua tatu ndogo. Thamani ya nafasi, dhana inayowasumbua wanafunzi hadi madarasa ya juu, huanza kujengwa kabla tarakimu hazijaandikwa.

Michezo ya jadi nayo ina hisabati ndani yake. Katika mdako, mchezaji hurusha kete moja juu, huchota nyingine kutoka kwenye kishimo kabla ya kuidaka, kisha hurusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Kila mzunguko ni zoezi la kutoa: kumi zikawa tisa, tisa zikawa nane. Katika duru za juu, mchezaji hubakiza mbilimbili au tatutatu, na kutoa kunakaribia kugawanya. Mtoto anayesemwa kuwa hawezi hisabati huweza kuwa bingwa wa mdako nyumbani kwao. Anachokikosa ni mtu wa kumwonesha kuwa mambo hayo mawili ni jambo moja.

6.0 Masharti ya Darasa Lenye Watoto Wengi

Pingamizi kubwa dhidi ya mbinu hii ni idadi ya watoto, na pingamizi hilo ni la haki. Watoto themanini wakiruka pamoja katika chumba kimoja ni hatari, na darasa la jirani halitasikia mwalimu wake. Masharti manne yanaweza kupunguza tatizo.

Kwanza, mjongeo si lazima uwe mkubwa. Silabi zinaweza kuguswa kwa mkono mmoja kichwani, begani, kiunoni na gotini, mtoto akiwa amesimama mahali pake. Mfuatano na idadi vinabaki, kelele inapungua.

Pili, darasa ligawanywe kwa zamu. Safu moja inapiga hatua huku nyingine zikihesabu na kutoa hukumu kama jibu ni sahihi. Anayehukumu naye anajifunza, kwa sababu hawezi kuhukumu bila kulipima neno mwenyewe.

Tatu, watoto wazuiwe kuigana. Katika kundi kubwa, mtoto asiyejua hutazama jirani na kusimama anaposimama jirani, na mwalimu hudhani wote wamejua. Kule kunyamaza kabla ya kujongea, pamoja na kufumba macho wakati wa kuonesha jibu kwa vidole, hurudisha jibu kwa mwenyewe. Hapo mjongeo unakuwa chombo cha upimaji: kwa kutupa jicho moja mwalimu huona nani amesimama hatua ya pili na nani ya tatu, kazi ambayo kwa madaftari themanini ingechukua kipindi kizima.

Nne, muda uwe mfupi na alama ya kuanza na kuacha ijulikane. Dakika chache zilizopangwa ndani ya somo ni bora kuliko kipindi kizima cha vurugu.

7.0 Mipaka

Mbinu hii haiwezi kuziba pengo la walimu, vyumba wala chakula. Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kunywa uji hapaswi kurushwarushwa juani. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo asiachwe pembeni kama mtazamaji. Dhana inayobebwa na hatua inaweza kubebwa na mguso wa mkono au kete inayosogezwa mezani, na mwalimu anapaswa kuandaa njia hiyo kabla ya kipindi. Mavazi ya watoto, hasa wasichana, yazingatiwe katika kuchagua mjongeo ili pasiwe na anayeaibika kushiriki.

Aidha, si kila dhana ina mjongeo wake. Umbo la herufi ni makubaliano tu. Kuruka hakuelezi kwa nini *m* imeandikwa hivyo. Huenda hii ni sababu mojawapo ya tofauti kati ya hisabati na kusoma iliyojitokeza nchini Uholanzi, ingawa jambo hilo lahitaji kuchunguzwa. Tafiti zilizotajwa zimefanyika katika madarasa madogo, yenye vifaa, na katika lugha zenye muundo wa silabi tofauti na wa Kiswahili. Utafiti unaohitajika Tanzania ni wa kulinganisha, katika madarasa ya kawaida ya serikali, watoto wanaofundishwa silabi kwa mijongeo inayobeba dhana na wanaofundishwa kwa mijongeo ya kuambatana. Kulinganisha mijongeo na ukaaji mtupu hakutoshi, kwa kuwa hakuonyeshi kama kilichosaidia ni dhana iliyobebwa au uchangamfu tu.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa swali la kama watoto wajongee au wakae darasani limeulizwa vibaya. Swali lenye manufaa ni kile mjongeo unachobeba. Hatua nne za *sisimizi*, mruko mkubwa wa *kumi* na kete zinazopungua kishimoni vinabeba dhana. Kurukaruka huku alfabeti ikitajwa hakubebi. Mwalimu anayeijua tofauti hiyo hahitaji vifaa kutoka nje, bali uelewa wa lugha anayoifundisha na wa michezo ambayo watoto wanakuja nayo. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya walimu wa elimu ya awali yanapaswa kuunganisha fonolojia ya Kiswahili na mbinu za kufundishia, mambo ambayo yakifundishwa kila moja kwa upande wake humwacha mwalimu na kazi ya kuyaunganisha peke yake mbele ya watoto themanini. Mtoto aliyetulia huenda anajifunza, au huenda ametulia tu. Aliyesimama kwenye hatua isiyo sahihi amemwonesha mwalimu wake pa kuanzia.